Mkono Uliomleta

Nimefungua kambi mbili maishani mwangu. Ya kwanza nilikuwa na sare na bunduki, nje ya nchi, tulikotumwa kulinda amani ambayo haikuwepo. Waasi walikuwa wamewafungia raia ndani ya boma la magogo katikati ya msitu. Tulipolivunja lango, watu walitoka mbio wakatukanyaga sisi wenyewe tuliokwenda kuwaokoa. Mzee mmoja alinipitia kifuani, wala hakugeuka kuniomba radhi, na mimi nikalala pale kwenye tope nacheka kwa furaha. Tangu siku ile niliamini kwamba kuokoa watu ni kukata mnyororo tu, mengine miguu yao itamaliza.

Ya pili ilikuwa hapa hapa nyumbani, bonde la Usangu, upande wa Rujewa. Nilikuwa nimeshastaafu, sina sare, sina bunduki. Minyororo tuliikata yote, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Miongoni mwa wale waliobaki wamekaa chini wakitutazama alikuwemo mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, na mguu wake ulikuwa umeanza kuoza.

Habari zake nilizipata Mafinga. Baada ya kustaafu nilijichimbia huko kwenye mbao, kwa sababu mimi mtu wa Iringa nikikaa mbali na baridi naumwa kichwa. Mama yeye alibaki Mbeya, Ilomba, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na mdogo wangu aliishi naye pamoja na binti yake mdogo. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinibebea mbao kwenda Mbeya, na wakati wa kurudi hupitia Rujewa kupakia mchele. Siku hiyo alimaliza kupakia, badala ya kuondoka akawa anazungukazunguka lori lake anapiga matairi teke.

"Mkuu," akaniambia, "yule dada wa Ilomba, aliyetupikia chai siku ile. Yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Makambako kwa shangazi, anauza nguo." Ndivyo alivyoniambia mama.

"Haya. Basi nimefananisha."

Mtu akikuambia amefananisha huku anaangalia viatu vyake, jua hajafananisha kitu. Nilimshika kola. Ndiyo, nilimshika kola, mimi hasira zangu ziko karibu, na watu wa nyumbani wanazijua. Akanieleza. Alikwenda kupakia mpunga kwenye shamba la mganga mmoja anayetibu vichaa. Palizi ilikuwa inapigwa na wagonjwa wenyewe, minyororo miguuni, na wale wasioweza kazi walikuwa wamefungwa kwenye magogo ndani ya banda. Mwanamke mmoja alimwita kutoka bandani: dereva wa kaka, dereva wa kaka. Akaogopa, akapakia mzigo wake, akaondoka.

Mdogo wangu alianza kuumwa baada ya kujifungua. Alikuwa anaongea na ukuta, anacheka peke yake, mara akatoka nje kwenye mvua bila nguo majirani wakamfunika kanga. Hospitali walimpa vidonge, akatulia, akarudi kuwa mtu. Ila vidonge vilimpa usingizi, na mama akaanza kulalamika kwamba mwanawe anashinda amelala mchana kutwa. Mimi nilisema usingizi si ugonjwa, mwacheni alale, nikarudi zangu Mafinga nikijua mambo yamekwisha.

Nikampigia mama pale pale, kelele za misumeno nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo? Baridi huko?"

"Mama, mwanao yuko wapi?"

Akasema, "Yuko kwenye dawa."

"Yuko kwenye mnyororo! Nenda kamtoe."

"Siwezi, baba."

"Huwezi au hutaki?"

"Usiniulize. Na wewe usiende kumgusa, nakuomba kwa jina la Mungu usimguse." Akakata simu.

Mama yangu hajawahi kunikatia simu tangu simu zije. Mwanamke wa kwaya, mwanamke anayeweza kukusimulia mahubiri ya Jumapili mpaka Jumatano, eti amempeleka mwanawe kwa mganga na anikatie simu! Niliirusha ile simu, ikaangukia kwenye maranda, bahati yake. Siku hiyo hiyo nikapanda lile lori mpaka Rujewa, na njia nzima yule dereva maskini wa Mungu hakuthubutu hata kufungua redio.

Sitasema polisi walinichelewesha, kwa sababu hawakunichelewesha. Malalamiko kuhusu lile banda walikuwa nayo. Kesho yake asubuhi tuliondoka kwa gari lao: afande mmoja mwenye nyota na askari wake, mgambo wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji, na daktari wa zahanati aliyekuwa na mkoba wake mapajani. Mimi nilibeba mkasi wa kukatia nondo. Mle garini wenyeji hawakuzungumza kabisa. Nilidhani wanaogopa mapanga ya watu wa mganga, nikawatania kidogo kuwachangamsha, hakuna aliyecheka.

Mganga hakukimbia. Tulimkuta kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake anakula uji, mzee safi, shati limepigwa pasi. Alimaliza uji wake, akaweka bakuli chini, akamnyooshea afande mikono afungwe pingu. "Mimi nichukueni," akasema. "Hao hamtawaweza." Gari likaondoka naye na askari wawili kwenda kituoni, nasi tukabaki tukisubiri lirudi. Sikupenda jinsi alivyokuwa ametulia.

Banda lilikuwa la mabati, refu, limefunguliwa upande mmoja kuelekea mfereji wa maji ya mpunga. Harufu yake sitaielezea. Magogo yalikuwa yamelazwa ardhini, kila gogo limetobolewa, na mnyororo unapita kwenye tundu kisha kwenye kifundo cha mguu wa mtu. Wengine walikuwa wamerudishwa kutoka shambani, tope mpaka magotini. Hakuna aliyepiga kelele. Nilianza kukata. Nilikata huku jasho linanidondoka puani na kila mnyororo ulipokatika nilikuwa nasema, "Haya, ndugu yangu, simama, twende zetu." Yule ndugu yangu anavuta mguu wake pole pole, anausugua, anarudi kukaa vile vile alivyokuwa.

Nikamfikia mdogo wangu. Alikuwa ameketi mwisho kabisa wa banda, amekonda, nywele zimenyolewa. Akaniona. Uso wake wote ukafunguka.

"Kaka! Umekuja!"

Nilikata mnyororo wake, na hapo nikauona mguu. Chuma kilikuwa kimekula kifundo, nyama imevimba na kuwa nyeusi, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi karibu na goti. Nikamnyooshea mkono nimwinue.

Akaruka nyuma. "Usinishike!"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe! Usinishike, kaka, usinishike!"

Nikajua ni ugonjwa unaongea. Nikamwinua kwa nguvu, nikamtupa begani, si kitu, alikuwa mwepesi wa kusikitisha. Aliniuma. Aliniuma shingoni mpaka damu, akapiga ngumi, akajipinda, ule mguu mbovu ukagonga nguzo ya banda na yeye akatoa mlio ambao mpaka leo nikiukumbuka naacha nilichokuwa nafanya. Nikawaita wale mgambo waje wanisaidie kumshika. Walirudi nyuma. Wanaume wazima, wana rungu mikononi, wanarudi nyuma! Niliwatukana matusi ya kambini yote, hata yale niliyodhani nimeyasahau. Hakuna aliyesogea. Afande mwenyewe alikuwa ameweka mikono yake nyuma.

Nikamweka chini. Alikuwa anahema, anatetemeka, lakini macho yake yalikuwa yake. Nawaambia, nimeona macho ya watu waliorukwa na akili; yale hayakuwa hayo.

"Mama ndiye aliyenileta," akasema. "Alinishika mkono akanikabidhi kwa babu mganga, mkono kwa mkono. Hiki kitu kikitoka kwangu kabla hakijaagwa, kinamrudia aliyeleta. Nikitoka hapa kwa mkono wako, mama atarukwa na akili huko huko Ilomba aliko."

"Nani kakudanganya?"

"Hapa kila mtu anajua, kaka. Na mama anajua. Waulize hao."

Nikawageukia mgambo. Mmoja wao, Msangu wa pale pale, akatikisa kichwa kukubali. Akasema ndivyo ilivyo kwa dawa ya hapa tangu zamani: mgonjwa hukabidhiwa kwa mkono wa ndugu, na mkono ule ule ndio unaokuja kumchukua. Akitolewa na mwingine, kitu kinamrudia aliyeleta. Akitolewa na aliyeleta kabla ya siku yake, vile vile kinamrudia yeye, ila angalau anakuwa amekubali mwenyewe. Na wao hawakuja kuwatia wazimu mama za watu.

Jirani wa mdogo wangu, mwanamume wa makamo aliyekuwa ameketi gogo la pili, aliongea kwa utulivu kabisa. "Mimi nililetwa na mke wangu. Tuna watoto wadogo. Akiingiwa yeye, nani atawapikia? Wacha mimi nikae."

Hapo ndipo nilipoelewa nimesimama wapi. Banda zima lile, watu wale waliokuwa wanaitwa vichaa, walikuwa wamekaa kwenye kinyesi chao kulinda akili za watu waliowaleta. Hakuna aliyehitaji mnyororo. Mnyororo ulikuwa wa siku za mwanzo tu.

Daktari alichuchumaa kwenye mguu wa mdogo wangu bila kumgusa, akaangalia, akasimama, akanivuta pembeni. "Mzee, sumu inapanda. Huyu awe hospitali leo. Leo, si kesho. Akilala hapa, mguu umekwenda, na hata yeye mwenyewe sikuhakikishii."

"Mpige sindano alale, nimbebe."

"Ya kumlaza sina, iko hospitali. Na akipigana tena namna ile, na homa hii, moyo unaweza kusimama mikononi mwako."

Ndipo nikampigia mama. Nikaweka spika, nikaishika simu katikati yangu na mdogo wangu.

"Mama, niko naye hapa. Minyororo nimekata. Amekataa kutoka kwa sababu yako."

Nyuma yake jogoo aliwika, nikaiona sebule yetu yote.

"Mama, usije!" mdogo wangu akapiga kelele. "Mimi niko salama, usije!"

"Mguu wake umeoza," nikasema. "Niongee au nimpe daktari aongee?"

Nikampa daktari. Alimweleza taratibu, kwa adabu, kama anavyopaswa kuongea na mama wa mtu, na hakumficha. Alipomaliza, mama akasema, "Mwambieni anisubiri."

Kutoka Ilomba mpaka pale si mbali kwa mtu mwenye gari. Kwa mama mzee anayeanza kutafuta usafiri, ni safari. Tulikaa. Jua la Usangu halina mchezo, mabati yalikuwa yanalia. Habari zilikuwa zimeshafika kijijini, na watu wakaanza kujaa upande wa pili wa mfereji: ndugu za mganga, wakulima, akina mama, wengi wakiwa na majembe na fimbo. Hawakutukana. Walisimama tu. Kilichowatisha, mwenyekiti alinieleza, ni kwamba tukiwatoa hawa wote kwa nguvu, wazimu utatapakaa mpaka kwenye nyumba zao, maana baadhi yao ndio waliowaleta wagonjwa. Gari la polisi lilikuwa halijarudi. Afande alikuwa na bunduki moja na askari mmoja, na alikuwa ananitazama kila mara kwa jicho la kuniuliza tutaondoka lini.

"Afande, namsubiri mama yangu," nikamwambia.

"Wakivuka mfereji, mimi naondoa watu wangu."

"Ondoa. Mimi nabaki."

Niliogopa. Nimewahi kurushiwa risasi zikapita karibu nikazisikia, na sikuogopa namna ile, kwa sababu kule nilikuwa naogopa kufa mimi. Hapa nilikuwa nautazama ule mstari mwekundu kwenye mguu. Nilimpa maji, nikamwekea kofia yangu kichwani kwa kuirusha, maana hakutaka hata kidole changu kimguse. Akaanza kutetemeka kwa homa. "Mpigie asije, kaka," akawa ananiomba. "Yule mzee. Hataweza. Mimi nimeshazoea, yeye hataweza." Nilimwambia anyamaze. Nilimkaripia kabisa, mgonjwa wa watu, kwa sababu kama ningeendelea kumsikiliza ningelia mbele ya askari.

Mama alifika kwa pikipiki. Nilimwona kule ng'ambo ya mfereji, amevaa gauni lake la kitenge la umoja wa wanawake kanisani, kilemba kizuri, mkoba mkononi. Watu waliokuwa wamesimama na fimbo walimwona, na bila kuambiwa na mtu wakajua amekuja kufanya nini. Wanaume walivua kofia. Wakampisha njia, na mwanamke mmoja akampa pole kwa Kisangu, naye akaitikia.

Alinijia mimi kwanza. Hakumtazama mwanawe. Alifungua mkoba, akatoa funguo.

"Mlango wa mbele unakwama, usiuvute, sukuma kwanza ndipo uzungushe. Kuku mwekundu anaatamia, msimsumbue. Mjukuu yuko kwa jirani, amekula. Jirani nimeshamuaga."

"Umemuaga unakwenda wapi?"

"Sijui, baba. Mdogo wako alikuwa anakwenda wapi alipokuwa anaongea na ukuta?"

"Mama, hakuna kitu. Hakuna kitu kitakachokuingia, ni uongo wa yule mzee apate watu wa kumpalilia mpunga wake!"

Akaniangalia. "Kwako uongo. Mimi naamini. Unafikiri nimekaa kule miezi yote hii kwa nini? Kwaya gani ile niliyokuwa naimba? Niliogopa, baba. Niliogopa kuwa kichaa uzeeni, watoto wanirushie mawe barabarani. Kila siku nilisema kesho nitakwenda. Nikamwacha mwanangu aoze." Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Haya, nipishe."

Nilimpisha.

Mdogo wangu alipomwona anakuja aliikunja mikono akaificha kwapani, akainama mpaka kichwa kikagusa magoti. Mama akapiga magoti mbele yake kwenye uchafu ule, na lile gauni lake la kanisani.

"Nipe mkono."

"Sitaki, mama."

"Nipe mkono, nimesema."

"Sitaki! Rudi nyumbani!"

"We mtoto." Sauti ile ninaijua, ndiyo iliyotutoa mitoni tukiwa wadogo. "Mimi nimekula chumvi yangu, imetosha. Wewe una mtoto anayekuuliza kila asubuhi. Unataka nimwambie nini? Nilikuleta kwa mkono huu. Nakuchukua kwa mkono huu. Kama kinanitaka, kije."

Mdogo wangu alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto. Kisha akautoa mkono mmoja kwapani, na mama akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akafumba macho, akakaza mwili mzima akisubiri. Afande alikuwa anatazama. Watu wa ng'ambo ya mfereji walikuwa wanatazama. Mama alifumbua macho, akaangalia huku na huku, akasema, "Haya, mnyanyueni basi, mmesimama nini?"

Ndipo mgambo wakaja. Wote. Walimbeba mdogo wangu vizuri kabisa, na mmoja wao alitangulia kufukuza watu njiani.

Gari la polisi lilipotokea tukawa tunampakia, nikasikia mtu ananiita. Ni yule mwanamume wa gogo la pili. "Kaka," akasema, "na mimi naomba unipigie kwa mke wangu. Namba naikumbuka." Nikampa simu. Baada yake akaja mwingine. Daktari akatoa yake, mwenyekiti akatoa yake. Nilimwachia afande simu yangu nikaondoka bila simu. Baadaye alinieleza kwamba siku ile na siku zilizofuata waliitwa ndugu wengi, na wengi walikuja, wengine wamevaa vizuri kama mama. Wengine waliposikia sauti walikata. Yule mwanamume mke wake alikuja na watoto wote, akasema kama ni kuingiwa, bora waingiwe pamoja.

Njiani mama alikaa nyuma, kichwa cha mdogo wangu mapajani mwake. Kila tulipopita kijiji alikuwa anakitaja jina. Mwanzoni nilidhani anajiliwaza, baadaye nikaelewa anajipima. Hospitali nesi alipoandika jina la mgonjwa, mama akamwambia, "Niandike na mimi kabisa, nafasi zisije zikaisha." Nesi akacheka, akidhani ni utani wa wazee.

Mguu ulipona, ingawa anachechemea. Vidonge alirudia, vya usingizi mdogo zaidi, na sasa ana kibanda chake cha vitenge pale Ilomba, ana mdomo kuliko mimi, na bintiye anasoma. Mama yeye alisubiri. Mwaka ukapita, mingine ikapita, anaimba kwaya, anafuga kuku, anasubiri. Mtu akimtembelea, mazungumzo yakiisha anamuuliza, "Nimesema sawa lakini?" Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa namwambia, "Unaona? Si nilikuambia hakuna kitu?" Ananijibu kwamba mgeni wa mbali huchelewa njiani.

Sasa mama ni mzee sana na ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai, akapotea kutoka kanisani hadi nyumbani, njia aliyoipita maisha yake yote. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ni uzee, huwapata wengi, hauna uhusiano na jambo lingine lolote. Nilirudi nimefurahi, fikiria, nimefurahi kwamba mama yangu ana uzee! Nikamkuta ameketi uani juani. Nikamweleza. Akanipiga piga mkononi.

"Si uzee, baba. Kimefika," akasema, na alikuwa anatabasamu kabisa. "Nilikuwa na wasiwasi. Nilifikiri kimekosa njia, kitamrudia mtoto."

Nikapandwa na hasira zangu. Nikamfuata mdogo wangu jikoni alikokuwa anachambua mchele, nikamwambia yeye sasa ndiye mwenye akili zake, amsomee mama ile karatasi ya daktari kila siku mpaka imwingie, aondoe huo ujinga wa kambi kichwani kabla hajafa nao.

Aliendelea kuchambua. "Kaka, mimi siamini tena mambo yale, unajua," akasema. "Lakini kila asubuhi mama akiamka amesahau kitu kingine, ananitazama mimi nimesimama hapa na akili zangu, anafurahi. Ndicho kitu pekee anachokikumbuka vizuri. Unataka nikamwambie alijitoa bure?"

Nilirudi uani, nikamwamkia mama tena, naye akaitikia vizuri, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.